Mashine ndogo ya moshi kwa magari ya zamani: tathmini ya kifaa cha kutafutia uvujaji wa mvuke wa petroli

Mashine ninayoitathmini hapa ni kisanduku cha chuma chenye ukubwa unaokaribia wa betri ya gari, ambacho huchukua umeme wa volti 12 kutoka kwenye betri ya gari lenyewe, kikachemsha mafuta mepesi ya madini hadi yatoe moshi mweupe mzito, kisha kikausukuma moshi huo kwa presha ndogo ndani ya mfumo wa mvuke wa petroli ili uonekane unapotokea. Huuzwa mtandaoni kwa majina mengi yaliyobandikwa kwenye kisanduku kilekile, kwa hiyo kutaja jina hakutamsaidia msomaji. Yangu ilinigharimu chini ya dola 150, na mashine za kazi hiyohiyo zinazotumiwa na gereji kubwa huvuka dola 1,000.

Nimeitumia kwenye Honda Accord ya mwaka 2002 iliyoko kaskazini mashariki mwa jimbo la Ohio, ambako barabara humwagiwa chumvi kila majira ya baridi na ambako gari la umri huo halihuishwi usajili mpaka lipite kipimo cha moshi wa injini kinachojulikana kama E-Check. Bila mambo hayo mawili, chumvi na kipimo, mashine hii isingekuwa na kazi kubwa. Mwenye gari la aina hiyo Dar es Salaam au Mombasa haulizwi habari za mvuke wa tangi, na pengine fundi alishaling'oa zamani kopo la mkaa linaloushika mvuke huo na kuziba mipira yake, na gari likaendelea kutembea bila shida yoyote anayoiona dereva. Huku, taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi siku ya kipimo, gari limeanguka, hata kama injini inanguruma vizuri kuliko siku ilipotoka kiwandani.

Kabla ya kuisema mashine yenyewe, ni lazima kueleza kwa kifupi inachokitafuta, kwa kuwa wengi wanaoilaumu huwa hawajakielewa. Petroli huvukiza muda wote, hata gari likiwa limezimwa, na mvuke huo ukiachwa utoke huchangia hewa chafu ya mijini. California ilianza kudai magari mapya yauzuie mvuke huo mwaka 1970, na Marekani yote ikafuata mwaka 1971. Tangu hapo mvuke wa tangi huelekezwa kwenye kopo lililojaa mkaa maalumu unaoushika, na injini inapofanya kazi, vali iliyo karibu na manifodi, yaani mirija inayoingiza hewa kwenye injini, hufunguka ili mvuke ule uvutwe ukachomwe pamoja na mafuta mengine. Nitaiita vali ya kuvuta. Upande wa pili wa kopo kuna vali nyingine inayoruhusu hewa safi iingie kuchukua nafasi ya mvuke uliovutwa. Hiyo nitaiita vali ya kupumulia. Katika hali ya kawaida vali ya kuvuta imefungwa na ya kupumulia iko wazi, na tofauti hiyo ndogo itakuwa na uzito mkubwa tutakapofika kwenye matumizi ya mashine.

Magari yanayouzwa Marekani yamekuwa na kompyuta ya kujichunguza ya mtindo wa OBD-II tangu mwaka wa modeli 1996. Kompyuta hiyo hufunga vali zote mbili, husoma presha ya tangi kupitia sensa, na kuamua kama mfumo unavuja. Mwanzoni ilitakiwa kugundua tundu la inchi 0.040, yaani milimita 1 hivi, na magari yaliyofuata kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalitakiwa kugundua tundu la inchi 0.020, ambalo ni nusu ya milimita. Tundu la ukubwa huo halionekani kwa jicho likiwa nyuma ya tangi lililopakwa lami na tope, halitoi harufu ya kutosha, na halisikiki. Kulikisia ni kupoteza fedha.

Wengi hata hivyo hukisia. Hununua kisoma kodi cha bei rahisi (kodi ni namba za hitilafu ambazo kompyuta ya gari huhifadhi), huona P0455 ambayo ni ya uvujaji mkubwa, au P0442 ya uvujaji mdogo, au P0456 ya uvujaji mdogo sana, kisha hununua kifuniko kipya cha tangi. Ushauri wa kuanza na kifuniko si mbaya, kwa sababu mpira wake hukauka na kupasuka na bei yake ni ndogo. Lakini kifuniko kikishabadilishwa na taa ikarudi, hufuata vali ya kuvuta, kisha ya kupumulia, kisha kopo zima la mkaa, na kila spea hununuliwa kwa matumaini. Kodi haitaji kifaa kilichoharibika. Husema tu kwamba jaribio fulani limeshindwa, na jaribio hilo hupita kwenye mipira, viungo, vali, shingo ya kujazia mafuta na tangi lenyewe, ambavyo vyote vinaweza kuwa chanzo.

Honda ya kizazi hiki ina heri kidogo, kwa kuwa hugawa mfumo mara mbili: P1456 humaanisha uvujaji uko upande wa tangi, na P1457 upande wa kopo la mkaa. Gari ninalolizungumzia lilitoa P1457. Kwa anayezijua Accord za 1998 hadi 2002 zilizoishi kwenye mikoa ya chumvi, kodi hiyo karibu hutaja jina la mshukiwa: vali ya kupumulia iliyofungwa kwa skrubu kwenye kopo chini ya sakafu ya gari, mahali ambapo maji ya chumvi yanayorushwa na matairi hufika kwa urahisi. Chuma chake hushika kutu, kutu huvimba, na vali hushindwa kufunga sawasawa. Neno karibu nimelitumia kwa makusudi, kwa sababu kwenye upande huohuo wa kopo kuna mipira kadhaa na vali nyingine za kuunganisha, na gari lenye miaka zaidi ya ishirini lina haki ya kuvuja mahali pawili kwa wakati mmoja.

Nikirudi kwenye mashine, uwekaji wake ni rahisi. Hutiwa mafuta ya madini yasiyo na rangi, na hata yale mafuta ya kupakaa watoto yasiyo na viungo vingine hufanya kazi, hadi alama iliyo kwenye kijiti cha kupimia. Koleo nyekundu huenda kwenye chanya ya betri, nyeusi kwenye hasi. Dakika chache baada ya kuiwasha moshi huanza kutoka kwenye mpira wake, mzito na mweupe, wenye harufu kidogo ya mshumaa uliozimwa. Kwenye kifurushi kuna vizibo vya mpira vya ukubwa mbalimbali na koni moja ya kuingizia moshi kwenye manifodi ya hewa, na hiyo ya mwisho kwa kazi hii haitakiwi kabisa. Magari mengi ya Marekani ya baada ya 1996 yaliwekwa mdomo maalumu wa kuingizia moshi, wenye kifuniko cha kijani, ndani ya boneti. Pasipokuwa na mdomo huo, mahali pazuri ni mpira unaotoka kwenye vali ya kuvuta kuelekea kwenye kopo: unauchomoa kwenye vali, unauingiza mdomo wa mashine, unaubana kwa klampu.

Hapo ndipo wengi hupotea. Vali ya kupumulia, kama nilivyosema, iko wazi gari likiwa limezimwa. Ukisukuma moshi bila kuifunga, moshi utatoka kwenye tundu lake la hewa kwa wingi, utashangilia kwamba umepata tatizo, utanunua vali mpya, na vali mpya nayo itatoa moshi vilevile kwa sababu imeumbwa hivyo. Maoni mengi ya hasira niliyoyasoma chini ya bidhaa hii yana alama za kosa hilo. Ni lazima vali ifungwe kwa umeme wakati wa kipimo, ama kwa kutumia skana ya kiwango cha juu inayoweza kuamrisha vali, ama kwa kupeleka volti 12 moja kwa moja kwenye vali kupitia waya wenye fyuzi. Njia ya pili haina gharama, lakini isiachwe muda mrefu kwa kuwa koili hupata joto. Mashine haiji na waya huo, na kijikaratasi cha maelekezo hakilitaji jambo hili hata kwa sentensi moja. Naona huu ndio upungufu mkubwa kuliko wote, mkubwa kuliko ubovu wowote wa chuma chake.

Upungufu wa pili unahusu presha. Mfumo wa mvuke umetengenezwa kuhimili presha ndogo mno, na mafundi huupima kwa takribani nusu ya psi (pauni kwa inchi ya mraba), ambayo ni sawa na inchi 14 hivi za maji. Ukizidisha, unaweza kuharibu sensa ya presha ya tangi au kusukuma viungo ambavyo vilikuwa vizima, na hapo utakuwa umejitengenezea uvujaji mpya. Mashine hii ina geji ya presha na kitufe cha kurekebisha, na hilo ndilo lililonifanya niichague badala ya zile rahisi zaidi zinazotegemea pampu ya upepo wa matairi. Hata hivyo, geji yenyewe imechorwa kwa kipimo kikubwa mno, kiasi kwamba nusu ya psi iko kwenye upana wa mstari mmoja wa mwanzo, na sindano yake haitulii. Ilinibidi niunganishe geji nyingine ya presha ndogo, ya aina wanayotumia mafundi wa gesi ya majumbani, ndipo nikaona kwamba kitufe kikiwa katikati mashine ilikuwa ikitoa zaidi ya inavyofaa. Atakayeinunua aihesabu geji ya pili kuwa sehemu ya bei.

Kipimo cha mtiririko, kwa upande mwingine, kinastahili sifa. Ni mrija wa plastiki uliosimama wima, ndani yake mna kigololi kinachoinuliwa na hewa inayopita. Mfumo ukishajaa, kigololi kikianguka chini kabisa na kutulia, hakuna pa kutokea, na unaweza kufunga kazi bila hata kutafuta moshi. Kikibaki kinaelea, kuna mahali panapovuja. Kwenye Accord kigololi kilibaki kimeinuka kidogo huku kikitetemeka, na hakikushuka hata baada ya tangi kujaa. Mashine za bei kubwa huwa na tundu la kulinganishia lililotobolewa kwa kipimo halisi cha inchi 0.020, ili fundi aweze kusema kwa uhakika kama uvujaji unazidi kiwango ambacho kompyuta hulalamikia. Hii haina. Unaona kwamba panavuja, lakini huwezi kusema ni kiasi gani.

Moshi wenyewe ulinionyesha nilichotarajia na kingine nisichotarajia. Gari likiwa limepandishwa kwenye stendi imara, vali ya kupumulia ikiwa imepewa umeme na imelia tiki yake, niliimulika kwa tochi kutoka pembeni, kwa kuwa mwanga wa moja kwa moja huuficha moshi mwembamba. Uzi wa moshi ulipanda polepole kutoka kwenye ukingo wa vali, pale ambapo oringi, yaani pete ya mpira ya kuzibia, hukaa kati yake na kopo, mahali palipokuwa pamevimba kwa kutu ya rangi ya chungwa. Ungepita bila kuuona kama upepo ungekuwa unavuma, kwa hiyo kazi hii ifanywe mahali palipotulia, lakini si ndani ya gereji iliyofungwa. Uzi wa pili, mwembamba zaidi, ulitoka kwenye mpira mfupi wa juu ya kopo, uliokuwa na mpasuko kwenye kona yake. Mpasuko huo ulifunguka tu mpira ulipopinda kwa kukaa mahali pake. Nilipoushika mkononi nikiwa nimeuchomoa, ulionekana mzima kabisa. Hakuna kisoma kodi ambacho kingeonyesha hilo, na hata pampu ya utupu ya mkono ingeniambia tu kwamba kuna uvujaji bila kunionyesha kona.

Kuing'oa vali hiyo ni hadithi nyingine, na hapa mashine haina lawama. Skrubu zake hushikana na kopo kwa kutu, hukatika vichwa, na kuishia kutobolewa kwa drili. Anayejua kazi hii huzipulizia mafuta ya kulainisha kutu tangu siku iliyotangulia, huzigonga taratibu kabla ya kuzizungusha, na huwa na skrubu mpya za chuma kisichoshika kutu mkononi. Oringi mpya isisahaulike. Baada ya vali na mpira kubadilishwa, nilirudisha moshi kwa mpangilio uleule, na kigololi kikaanguka.

Kuna mambo ambayo mashine hii haiwezi kuyafanya, nayo yatajwe wazi. Kodi ya P0441 inayohusu mtiririko usio sahihi, P0443 na P0446 zinazohusu nyaya au udhibiti wa vali, na P0496 inayosema mvuke unavutwa wakati haupaswi kuvutwa, hazitafutwi kwa moshi kwanza. Kwa mfano, vali ya kuvuta iliyokwama wazi hufanya gari liwake kwa shida mara tu baada ya kujaza mafuta, kwa kuwa mvuke mwingi huingia kwenye injini bila mpangilio. Kipimo chake ni rahisi: injini ikiwa kwenye mzunguko wa chini, baada tu ya kuwashwa ikiwa baridi, unachomoa mpira wa upande wa kopo na kuweka kidole kwenye mdomo wa vali. Ukihisi inanyonya wakati kompyuta haijaiamuru, imekwisha. Tena, kwa kuwa mimi huingiza moshi kwenye mpira uliochomolewa kutoka kwenye vali hiyo, moshi haupiti kwenye vali yenyewe, na uvujaji wake hauwezi kuonekana kwa njia hii. Sensa ya presha nayo hupimwa kwa skana: ukifungua kifuniko cha tangi huku swichi ikiwa imewashwa, kwenye Honda hii inapaswa kuonyesha karibu volti 2.5. Ikionyesha kitu kingine mbali na hapo, moshi wote duniani hautakusaidia.

Kuna pia suala la usalama, ambalo wauzaji hulipita kimya. Mashine hii husukuma hewa ya kawaida, na hewa ikichanganyika na mvuke wa petroli ndani ya tangi inaweza kutengeneza mchanganyiko unaoweza kushika moto. Ndiyo maana gereji makini hutumia naitrojeni au kabonidaioksaidi kubeba moshi. Anayetumia hewa afanye kazi nje, injini ikiwa baridi, asiunganishe wala kuchomoa koleo za betri katikati ya kipimo, na waya wa kuifunga vali auunganishe kabla moshi haujaanza kuingia. Kifuniko cha tangi kisifunguliwe kwa pupa wakati mfumo una presha. Mimi ningependa kuona mdomo wa kuingizia gesi kutoka nje kwenye toleo hili, na upo kwenye matoleo yanayouzwa kwa dola kama 50 zaidi. Ningelipa tofauti hiyo bila kunung'unika.

Baada ya matengenezo, mwenye gari anapaswa kujua kwamba kufuta kodi hakumfikishi kwenye kipimo siku hiyohiyo. Kufuta kodi hufuta pia kumbukumbu za majaribio yote ya kompyuta, na la mvuke huwa la mwisho kukamilika, kwa sababu hudai gari liwe limepoa usiku kucha, tangi liwe kati ya takribani asilimia 15 na 85, na hali ya hewa isiwe baridi kali wala joto kali. Mwongozo wa EPA, yaani Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani, ambao Ohio huufuata, huruhusu jaribio moja lisiwe limekamilika kwa magari ya modeli ya 2001 na kuendelea, na mawili kwa yale ya 1996 hadi 2000. Kwa hiyo Accord ya 2002 inaweza kupita huku jaribio la mvuke likiwa bado, mradi mengine yote yamekamilika na taa imezimika. Wapo wanaoitumia ruhusa hiyo kufuta kodi bila kutengeneza chochote. Inawezekana, lakini taa itarudi kabla ya kipimo kinachofuata, na kitakuwa kipimo kilekile.

Tuje kwenye hesabu. Gereji nilizoziuliza zilitaja kati ya dola 100 na 180 kwa kutafuta uvujaji kwa moshi peke yake, kabla ya spea na kazi ya mikono. Kwa mtu mwenye gari moja, lenye kodi moja, asiye na stendi za kupandishia gari wala skana inayosoma presha ya tangi, naona ni busara alipe gereji, aombe aonyeshwe moshi unapotokea kwa macho yake, kisha aamue nani abadilishe spea. Fundi anayekataa kumwonyesha mteja moshi, ningemkwepa. Kwa mwenye magari mawili au matatu ya umri huo, au fundi wa nyumbani anayewatengenezea ndugu na majirani, mashine hii hurudisha fedha yake kwenye gari la pili, na itamtumikia pia kutafuta uvujaji kwenye manifodi ya hewa, kazi ambayo, kusema kweli, huifanya vizuri zaidi kuliko hii iliyonunuliwa kwa ajili yake.

Ninaipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Moshi wake ni mzuri, kipimo cha mtiririko ni cha kuaminika, koleo na mpira wa kutolea moshi ni imara. Nyota moja imeondoka kwa sababu ya maelekezo yasiyotaja vali ya kupumulia, na nusu kwa sababu ya geji isiyosomeka pale inapohitajika. Atakayeagiza achague toleo lenye mdomo wa gesi ya nje, aongeze geji ya presha ndogo inayoishia kwenye psi 1, waya wenye fyuzi ya ampea 5, na chupa ya pili ya mafuta ya madini, kwa kuwa ile inayokuja ndani ya kifurushi haifiki hata alama ya chini ya kijiti.